Waholanzi Wanaaga Buswelu

Kashindye alikuwa ningi. Kwa asiyejua mambo ya Usukumani, ningi ndiye mtunzi, mwimbishaji na kiongozi wa kikundi cha ngoma, na akiwa ningi kwelikweli basi pia ni mtu anayekosa usingizi akisikia ngoma ya mwenzake imechangamka. Kashindye alikuwa ningi kwelikweli. Tangu ujana wake alicheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu pale Buswelu aliyeweza kurusha jembe juu, akajizungusha, akamaliza ubeti mzima, kisha akalidaka kwa mpini kama anayepokea kikombe cha chai. Hayo yalikuwa ya zamani kidogo. Siku hizi jembe halikupanda juu sana na ubeti ulikuwa umefupishwa, na mwenyewe alidai ni kwa sababu watu wa siku hizi hawana subira.

Mwaka huo, wa tisini na nne, parokia ilipokea wanafunzi kama ishirini kutoka Uholanzi. Walikuja kukaa wiki tatu, kujenga choo cha shule na kujifunza utamaduni. Choo kilikwisha. Utamaduni ulibakiziwa siku moja, nayo ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Basi la kuwapeleka uwanja wa ndege lingefika alasiri, na kabla ya hapo Mwalimu Josephat, mwenyeji wao, alikuwa amewaandalia wali, hotuba, na ngoma mbili kwa mpigo.

Kwa mpigo maana yake ni kwa mpigo. Wasukuma hawachezi ngoma ya mashindano kwa zamu, mmoja acheze na mwingine angoje huku akipiga makofi ya adabu. Wagalu, mojawapo ya vyama viwili vya jadi vya ngoma, wanacheza upande huu wa uwanja, Wagika, wapinzani wao, upande ule, saa ileile, na watazamaji wako huru. Anayeona huku kumepoa anahamia kule. Mwisho wa siku wanaangalia duara lipi limejaa na lipi limekauka, na hapo hakuna cha kukata rufaa. Desturi inaongeza jambo moja zaidi, kwamba ningi akionekana amesimama katika duara lisilo lake anatazama, ameshindwa hapohapo, hata kama kwake wamebaki watu mia.

Kashindye alikuwa Mgalu. Mpinzani wake, Mgika, aliitwa Chenge, na Chenge huyo ndiye aliyekuwa anamkosesha usingizi. Zamani alikuwa muuza dagaa wa kawaida tu, ngoma yake ikiwa na chatu mmoja na wapiga ngoma wawili waliokuwa wakigombana. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, viwanda vya minofu vikaja ziwani, na Chenge akaanza kukusanya sangara pale Mwaloni, Kirumba, na kuwauzia wenye viwanda. Haukupita muda akanunua jenereta na spika mbili ndefu. Sasa chatu alicheza kwa umeme. Mara mbili mfululizo watazamaji wa Kashindye walimhama kuwafuata Wagika, na mara zote mbili Kashindye alisema kuwa spika si ngoma, jambo ambalo kila mtu alikubaliana nalo huku akielekea kwenye spika.

Wiki hiyo Masele, mpiga ngoma wake mkuu, alimjia na vijana wengine, wakamwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, tumekaa tukaongea. Tukishindwa tena, tena mbele ya wageni, sisi tunaenda kwa Chenge. Tunakuambia mapema ili usije ukatuona tumekusaliti."

Kashindye aliwashukuru kwa uaminifu wao. Walipoondoka alikaa palepale mpaka giza likaingia, maana bila vijana wale angebaki mzee mmoja mwenye jembe, na watu wa namna hiyo Buswelu walikuwa wengi, wanaitwa wakulima.

Basi akajiandaa. Alikwenda Magu kwa fundi wa dawa ya mvuto akapewa mzizi, akaufukia pale uwanjani. Chenge naye, watu walisema, alikwenda mbali zaidi akapewa mizizi miwili. Wote wawili walikuwa Wakristo waliobatizwa, na Jumapili walikaa benchi moja.

Aliyekuwa Mkristo wa moja kwa moja ni Wilhelmina, mke wa Kashindye. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wa parokia, na tangu waoane hakuwahi kuitazama ngoma ya mumewe hata siku moja. Hakuitukana wala hakuikataza. Aliifulia nguo zake na kuikaangia karanga za safari. Kuiona tu ndiko hakutaka, na Kashindye alikuwa amemwomba kwa miaka mingi, mwanzoni kwa kubembeleza, baadaye kwa mazoea. Asubuhi ile ya kuagana, wakati anajifunga njuga, mkewe alisimama mlangoni na mwiko mkubwa mkononi.

"Baba Dorcas, leo nitakuwa hapohapo shuleni napika wali wa wageni. Nikimaliza kupakua nitakuja nikae nione ngoma yako."

"Kweli?"

"Nimesema nitakuja."

Mume mwenye akili zake pengine angeziacha zile njuga akamtazama mkewe vizuri. Kashindye alikuwa akihesabu watu kichwani. "Njoo na wapishi wote," alimwambia. "Waambie wasimame mbele."

Wilhelmina alimtazama kidogo, akaenda zake.

Uwanja wa shule ulijaa mapema. Waholanzi waliketishwa katikati, chini ya turubai, wamevaa vitenge walivyoshonewa sokoni na wanamsabahi kila anayepita kwa neno la Kisukuma walilolishika. "Mwangaluka," walisema, ingawa jua lilikuwa kichwani na mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Watu waliitika kwa furaha. Mwalimu Josephat alitoa hotuba juu ya urafiki wa mataifa na juu ya choo. Kisha akamtambulisha mwamuzi, Bwana Ngosha, ambaye zamani alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika cha pamba. Wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao chama kililala, lakini Bwana Ngosha hakulala. Aliendelea kuvaa koti lake la kazi na kupima kila kitu kilichokatiza mbele yake. Mama yake alikuwa Mgika na baba yake Mgalu, kwa hiyo pande zote mbili zilimwamini kwa kutomwamini sawasawa.

Ngoma zikaanza. Spika za Chenge zilinguruma mpaka kuku wa nyumba za jirani wakakimbia. Chatu akatolewa kwenye kapu. Kashindye akajibu kwa majembe, vijana wake wakiruka, vumbi likapanda, na ikabidi isemwe kwa haki kwamba siku hiyo alicheza vizuri. Alirusha jembe juu kama zamani, akalidaka.

Tatizo lilikuwa Waholanzi. Hao ndio watazamaji waliogombewa, kwa sababu kila mtu alijua kuwa watakakokwenda Wazungu, nusu ya Buswelu itawafuata kuwaangalia Wazungu wanavyoangalia. Lakini Waholanzi walikuwa wamelelewa vibaya kwa mashindano. Mwalimu wao, mwanamama mrefu aitwaye Hanneke, aliwagawa makundi mawili, nusu huku, nusu kule, wasije wakamwudhi mtu. Baada ya muda alitazama saa, akapiga makofi mawili, na makundi yakabadilishana. Kashindye aliona visogo vile vikiondoka akaingiwa na baridi, kisha akaona vingine vinakuja, akapata joto, kisha makofi mawili yakasikika tena. Tangu azaliwe hakuwahi kuona watu wanatazama ngoma kwa zamu ya choo.

Ghafla makundi yote mawili yakatoweka nyuma ya madarasa. Wote wakadhani wamekwenda kufunga mizigo. Waliporudi, kila mmoja alikuwa ameshika sepetu, zilezile za kujengea choo, na Hanneke akasimama katikati ya uwanja, kati ya duara na duara.

"Ninyi mmecheza kwa ajili yetu," alisema kwa Kiswahili alichokariri. "Na sisi tunataka kushukuru. Tumejifunza bugobogobo."

Walikuwa wamejifunza kwa kutazama, dakika hizohizo, wakati wa kubadilishana.

Mimi sina maneno ya kueleza walichokifanya, na waliokuwepo nao hawana, maana ukiwauliza wanaanza kucheka kabla hawajamaliza sentensi ya kwanza. Walipiga miguu, kila mtu kwa wakati wake. Waliimba ubeti ambao haukuwa Kisukuma wala Kiholanzi. Kisha kijana mmoja mwenye nywele nyekundu akarusha sepetu juu, juu kabisa, kuliko jembe lolote lililowahi kurushwa Buswelu, na ilipoanza kurudi duniani, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Sepetu ikajichimbia ardhini. Wenzake wakashangilia, na wao wakarusha za kwao.

Watu walikwenda. Hawakwenda kwa kukata shauri, miguu tu iliwachukua. Duara la Kashindye likapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akamwita Nestory, mpiga filimbi. "Nenda kawarudishe watu." Nestory akakimbia, akafika, akasimama, hakurudi. Akawatuma wawili wa nyuma wakamwite Nestory. Hao pia wakafika. Akatuma wengine watatu na onyo kali. Mwishowe Masele mwenyewe akaiweka ngoma chini, akasema, "Baba, ngoja mimi niwalete wote," na alisema kwa sauti ya mtu mwenye nia njema kabisa. Kashindye akabaki peke yake na njuga zake.

Hapo ndipo Wilhelmina alipokuja. Amefuta mikono, amebadilisha kitenge, ameshika kigoda. Wapishi wengine walikuwa wamekwisha kupotelea kwenye sepetu. Alitazama huku na huku, akamtazama mumewe.

"Nimekuja," alisema.

"Kaa hapo, mama Dorcas," Kashindye alimwambia, macho yake yakiwa kwenye kishindo cha katikati ya uwanja, mahali ambapo watu walikuwa wameangua kicheko kingine. "Kaa, nakuja sasa hivi. Naenda kuwarudisha watu."

Na kweli alikwenda kuwarudisha. Mpaka anafika alikuwa bado ana hasira safi. Alimshika Nestory bega, Nestory hakugeuka. Alimshika Masele, naye akamsogezea nafasi tu, bila kujua ni nani, kama watu wanavyosogezeana. Kashindye akaona nafasi mbele yake, akaingia humo ili aseme neno. Akaona yule mwenye nywele nyekundu amefunga sepetu kamba, ameirusha, na sasa anaikimbia huku inamfuata.

Alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajishika magoti, akamwegemea aliyekuwa pembeni yake, naye aliyekuwa pembeni akamwegemea, wakawa wanashikiliana wasianguke. Alipofuta macho akamwona ni Chenge.

Wakaachiana.

"Umeonekana," alisema Chenge. "Ningi wa Wagalu amesimama anatazama. Umeshindwa."

"Nimekukuta hapa."

"Mimi nimekukuta wewe."

"Ulikuwa umekwisha kulia machozi, Chenge. Mtu hawezi kulia hivyo amefika sasa hivi."

"Nilikuja kumwita mtu wa jenereta."

Wakabishana nani alimtangulia nani, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na shahidi mmoja tu, yaani mwenzake, ubishi ukawa mkubwa mpaka Mwalimu Hanneke akadhani wanapongezana, akawapiga picha. Waholanzi waliacha kucheza, wakapigiwa makofi marefu, wakaenda kupanga mizigo yao, wenye furaha, hawajui kuwa wameshinda kitu. Masele na vijana wakamzunguka Kashindye wakimtazama kwa macho ya watu wanaoaga. Bwana Ngosha akaja akifunga vifungo vya koti.

"Mizani haina haraka," alisema. "Ningi wote wawili wameonekana, kwa hiyo makosa yao yanalingana, tunayaondoa pande zote. Wageni hawamo katika hesabu, maana si Wagika wala si Wagalu. Yanabaki maduara. Twendeni tukapime."

Umati wote ukamfuata. Kwanza walifika kwa Chenge. Jenereta lilikuwa linanguruma, spika zinakoroma, na hapakuwa na mtu hata wa dawa. Chatu alikuwa amelala nusu ndani ya kapu, nusu nje.

"Chatu yupo," alisema Chenge. "Na ana macho."

Bwana Ngosha alimfikiria chatu kwa muda wa haki. "Chatu ni mchezaji," alisema. "Angekuwa wa Wagalu amekuja kutazama, ningempokea."

Wakavuka uwanja. Kashindye alitembea nyuma, hana haraka ya kuliona duara lake, mpaka aliposikia walio mbele wamenyamaza. Akapenya. Wilhelmina alikuwa pale alipomwacha, amekaa kwenye kigoda, mgongo wima, mikono mapajani, ametazama jembe lililokuwa limelala kwenye vumbi.

"Mmoja," alisema Bwana Ngosha.

"Huyo ni mkewe," Chenge akadakia. "Mke si mtazamaji. Amechoka kupika, amekaa kupumzika."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na Bwana Ngosha aliheshimu uzito popote alipoukuta. Akainama kidogo mbele ya Wilhelmina. "Mama, samahani. Ulikuwa unatazama ngoma, au ulikuwa unapumzika?"

Kashindye alisogea mbele asikie. Vijana wake wote, kikundi chake, jina lake, vyote vilikuwa mdomoni mwa mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo hata kwa mgeni anayeuliza kama kuna chakula. Angesema anapumzika, imekwisha.

"Nimekuja kutazama ngoma ya mume wangu," alisema Wilhelmina. "Aliniambia nikae, anakuja sasa hivi. Nikakaa."

"Na kulikuwa na nini cha kutazama?" aliuliza Chenge.

"Hakukuwa na kitu. Nilitazama hivyohivyo."

Bwana Ngosha akanyooka. "Mtazamaji ni mtu aliyekuja kutazama," alisema. "Desturi haisemi ni lazima aone kitu. Kwa Wagika hakuna, kwa Wagalu mmoja. Wagalu wameshinda."

Kelele zilizofuata zilisikika hadi barabarani. Masele alikuwa wa kwanza kumkumbatia, Nestory wa pili, na wote walisema kuwa hawakuwa na shaka tangu mwanzo. Chenge mwenyewe alimpa mkono, akasema ushindi ni ushindi. Kashindye alicheka, akashukuru, akageuka kumtafuta mkewe.

Alikuwa bado amekaa. Akamwendea, akainama. "Mama Dorcas, umeniokoa."

"Miaka yote unaniambia nije nione," alisema Wilhelmina, wala hakupandisha sauti. "Nimekuja. Wewe ndiye ambaye hukuwepo."

Akafungua kinywa kumjibu, na hapohapo vijana wakamdaka miguu wakamwinua mabegani. Akajikuta juu, anayumba, njuga zinalia zenyewe. Kutoka pale juu aliona uwanja mzima. Aliona basi limefika, Waholanzi wanapandisha mabegi, wanakumbatiana na wapishi. Akamwona Wilhelmina anainuka, anakung'uta kitenge, anachukua kigoda chake na kushika njia ya nyumbani, hatazami nyuma. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata mbele ya spika za Chenge. Watu mia tatu walikuwa wakimtazama, na hakumtaka hata mmoja wao.

"Nishusheni," alisema.

Masele, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezoea kulidaka neno lolote la ningi na kuligeuza wimbo, hakumwacha hapo pia. Akapiga ngoma. "Nishusheni ee," akaimba, na kikundi kizima kikaitikia kwa sauti moja kuwa hakimshushi, hakimshushi, mshindi hashuki.

"Nimesema nishusheni."

"Nimesema ee!"

Umati ukaupokea. Ulikuwa wimbo rahisi, na mzuri. Basi likaanza kuondoka taratibu katikati ya watu, vichwa vya Waholanzi vimejaa madirishani, nao wanauimba kwa lafudhi yao, Hanneke akipiga makofi mawilimawili. Nyuma ya basi, ng'ambo ya uwanja, kitenge cha Wilhelmina kilikuwa kimebaki kidogo tu kabla ya mawe makubwa ya njia ya nyumbani. Kashindye akalitaja jina lake kwa nguvu zote, nalo likaingizwa kwenye kiitikio. Akaita tena, sauti ikamkatika. Masele akawaambia wenzake, huku anapiga ngoma, kuwa tangu ajiunge na kikundi hajapata kumsikia mzee akiimba kwa uchungu namna ile.